Rudisha Kovu la Mwanangu

Hasamba, Mbozi
3 Machi 2024

Mwanangu Brenda,

Bwana asifiwe. Natumaini u mzima hapo Tunduma na vumbi lenu la malori. Sisi huku tunasukuma siku. Mahindi yamesimama vizuri ila maharage yameozea chini kwa maji. Mama yako Roda alipita hapa Jumapili akienda mazoezi ya kwaya, mdogo wangu amenenepa huyo, usimwambie nimesema. Baba yako mkubwa Eliudi anakohoa kama kawaida yake, na kama kawaida yake anasema hakohoi.

Utashangaa kupata barua kama enzi zile, wakati simu zipo. Simu ya nyumba hii inakaa mfukoni kwa baba yako mkubwa, na jambo ninalotaka kusema halisemwi mbele yake. Wewe mwenyewe unajua jina lipi halitajwi humu ndani. Kwa hiyo barua hii nimempa Ayoub, konda wa basi la Kosta la asubuhi, na ukinijibu mpe yeye huyo huyo anifikishie mkononi.

Ndani ya bahasha kuna picha ya kaka yako Manase, ile aliyopigwa Vwawa siku chache kabla hajaondoka. Sina nyingine. Kona moja panya ameila na maji ya paa yameingia begani. Nataka unitolee kubwa niitundike sebuleni, atake asitake mwenye nyumba. Na ndogo ndogo uwape madereva wanaoshuka Zambia mpaka Kongo, wawe wanauliza njiani. Walisema alivukia hapo hapo kwenu akapotelea huko.

Mwaka wa saba huu, Brenda. Watu wananiambia Mama Manase, mtu anayekaa kimya hivyo amekufa, fanya matanga upumzike. Mimi sijafiwa. Aliyefiwa anajijua. Mimi namngoja mtu, na kumngoja mtu kunachosha kuliko kulima.

Nasikia unasifiwa mpaka Vwawa kwamba bibi harusi hata awe na sura gani, ukimshika wewe hapo studio anapendeza pichani. Basi mshike na kaka yako.

Ni mimi mama yako mkubwa,
Enesi


Tunduma
29 Machi 2024

Mama mkubwa, shikamoo sana,

Mimi ni mzima wa afya, nimekonda kidogo tu kwa sababu ya kula chipsi. Foleni ya malori wiki hii imefika Mpemba, madereva wanafua na kuanika nguo kwenye vioo vya pembeni kama wako kwao. Kwetu studio ni neema, maana dereva akichoka kukaa anakuja kupiga picha amtumie mke. Pole na maharage. Mama nitamwambia umesema amenenepa, siachi.

Picha ya kaka Manase nimekaa nayo zaidi ya wiki, nafanya kazi za wateja mchana, jioni namrudia yeye. Mama mkubwa, kuna ufundi mpya najifunza, natamani ungekuwa hapa nikuonyeshe. Unachukua picha unaipandisha juu ya nakala yake. Ile ya juu unaivuruga mpaka iwe kama unaitazama ukiwa na machozi. Halafu unaififisha taratibu, ya chini ianze kuchungulia, unaongeza mwanga kidogo nyuma ya kichwa. Macho unayaacha yawe makali. Ukizidisha, mtu anakuwa kama yuko ndani ya mvuke wa sufuria. Ukipatia, anakuwa kama umemwota. Maharusi wa siku hizi hawataki kuonekana, wanataka kuotwa.

Kwa kaka nimerudia mara nyingi mpaka nikapatia. Alipoila panya nimepaziba, maji nimeyatoa, kola ya shati nimeinyoosha, na kale kakovu kwenye nyusi nimekafuta, ngozi ni laini kama ya mtoto mchanga. Pembeni nimemzungushia weupe kama mawingu.

Nilipomaliza nililia, sikufichi. Nilikumbuka alivyokuwa akipanda msuku kunichumia masuku, anajidai anaanguka ili nipige kelele. Nammisi kaka yangu mpaka nakasirika.

Kubwa hiyo hapo, na fremu yake. Ndogo nimempa Seleman, dereva mmoja wa Tanga, mtu mwema, kila mwezi anashuka mpaka Ndola, Zambia.

Mwanao,
Brenda


Hasamba
14 Aprili 2024

Brenda,

Salamu nitatoa mwisho kama zitakuwa zimebaki.

Ayoub alinishushia mzigo wako Jumatano. Nilikuwa na jirani yangu Mama Tumaini, tunapukuchua mahindi ya akiba. Nikasema ngoja tufungue, picha ya mwanangu imefika. Tukachana karatasi. Mama Tumaini akatazama, akashika kichwa, akapiga yowe.

Nikuulize mwanangu. Picha yenye mwanga nyuma ya kichwa na mawingu pembeni, sisi watu wa huku tumeiona wapi? Tumeiona imesimama mbele ya jeneza. Tumeiona kwenye fulana za msiba. Anayeonekana vile ni mtu ambaye hayupo. Nami nikaamini! Nikasema Brenda amepata habari huko mpakani, akashindwa kuitamka, akaituma hivi.

Barua yako ilikuwa mgongoni mwa fremu na miwani yangu sijui iko wapi. Kabla sijaiona, wanawake wameshaingia na unga na kuni, wanaume wameshakoka moto uani. Baba yako mkubwa anatoka shambani anakuta watu kwake. Wakampa pole. Akauliza nani. Wakamwambia. Akakaa pale pale kwenye matope, jembe mkononi, akasema, "Manase." Mara moja tu. Miaka yote hii nilidhani hilo jina limemtoka.

Mchungaji ndiye aliyeisoma barua yako kwa sauti, mpaka kwenye maharusi wanaotaka kuotwa. Watu hawakujua wacheke au wakasirike. Mama Tumaini alirudi kwake na unga wake. Kuni wameacha.

Mimi nililia sana, Brenda, na nitakwambia kitu cha aibu. Katikati ya kulia nilisikia nafuu. Nikasema basi, leo nitalala, kesho sitatazama barabarani. Halafu barua ikasomwa na nikaanza upya kumngoja. Hujui ulichonifanyia.

Ile picha haijatundikwa. Baba yako mkubwa ameichukua chumbani, anaitazama akidhani nimelala. Ile ya zamani hakuwahi kuitupia jicho hata siku moja.

Na kovu la mwanangu umelipeleka wapi? Nani alikutuma? Madereva watamjua kwa lipi, kwa mawingu? Vijana laini namna hiyo wako wangapi duniani? Rudisha kovu la mwanangu, na ukungu wako baki nao.

Salamu zimebaki kidogo. Kula chakula, achana na chipsi.

Enesi


Tunduma
20 Aprili 2024

Mama mkubwa wangu, shikamoo,

Naandika nikiwa nimepiga magoti, ila kwa kuwa hunioni amini tu. Nisamehe. Barua yako niliisoma dukani mbele ya wateja, ikabidi nijifanye nimeingiwa na vumbi. Sote hapa ni wazima, hakuna la kusema zaidi.

Huku kwetu mjini ukungu ni sherehe. Tunauweka kwenye kipaimara, kwenye besidei, hata kwenye picha za kuku wa biashara, nakuapia. Misiba nayo inakuja, naiwekea mawingu hayo hayo, na mkono umezoea kiasi kwamba sikusimama nikajiuliza. Nilikuwa nampamba kaka, nikamvika sanda.

Seleman naye amerudi. Ameonyesha ile ndogo kuanzia Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka, hadi Ndola. Wa kwanza kamwambia huyu mwimbaji wa injili. Wa pili kamwambia pole sana, mnazika lini? Hakuna aliyemjua. Ulisema kweli, na ulisema bila hata kuwapo.

Nimeanza upya. Nimeziba alipokula panya, basi. Kola imepinda kama ilivyopinda. Kovu nimelirudisha, na ili nilirudishe vizuri ilibidi nilikuze mpaka lijae kioo chote cha kompyuta. Mama mkubwa, sisi watoto tuliambiwa alianguka na baiskeli. Baiskeli inachubua. Hili limenyooka. Limetoka wapi?

Seleman ameshapewa ndogo mpya, ameibandika mbele ya usukani. Kubwa hii hapa, nimeifunga kwa gazeti, na barua nimeiweka JUU.

Brenda, ambaye ana aibu


Hasamba
30 Juni 2024

Mwanangu Brenda,

Bwana asifiwe. Usione kimya, kahawa imeiva yote kwa pamoja kana kwamba imeambizana. Kuchuma mimi, kumenya mimi, kuanika mimi. Baridi ya mwaka huu inauma mpaka kwenye meno. Mama yako alikuja kunisaidia siku mbili, akala wiki nzima.

Picha nilipata. Ndiye. Nimeitundika sebuleni mkabala na mlango, na sikuomba ruhusa.

Umeuliza jambo. Kahawa ya kwenye kichanja lazima igeuzwe kila mara, la sivyo inashika harufu, na siku hizi wanunuzi wananusa kama mbwa.

Parachichi zimeingia huku kwa kasi, kila kijana anang'oa kahawa apande parachichi. Manase alilisema hilo mapema kabla ya wote, akaonekana mwehu. Miche ya kahawa aliipanda babu yake. Alianza kung'oa mstari mmoja bila kuaga. Baba yake alimkuta na alikuwa na mpini wa jembe mkononi. Hayo yanatosha, Brenda. Kovu hilo lina mwenyewe, na mwenyewe analala kitanda ninacholala.

Lilipopona tu akaondoka. Mlangoni aliniambia, "Mama, nitarudi baba akiniita. Yeye, si wewe." Nami nimeita na kuita, lakini sauti yangu haihesabiki.

Sasa nyumba ina picha mbili. Yangu sebuleni ina kovu. Yake chumbani haina. Akipita sebuleni anageuzia uso upande wa kabati. Ile ya ukungu ndiyo anayoiweza, maana humo hakumpiga mtu.

Hasira zangu kwako zimeisha. Zake sijui zitaisha lini, na hata sijui kama bado ni hasira.

Mama yako mkubwa,
Enesi


Tunduma
11 Agosti 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo, kaa chini kwanza. Umekaa? Miwani unayo?

Yupo. Kaka Manase yu hai, yuko Kapiri, huko huko Zambia, anaziba pancha barabarani.

Seleman alipasukiwa tairi karibu na hapo. Fundi akaja na jeki yake, akainama, akafanya kazi. Alipopanda kwenye kebini kudai chake akaona picha mbele ya usukani. Akaitazama, akacheka, akasema kwa Kiswahili, "We mzee, mbona umenibandika mimi humu?" Seleman anasema akamkazia macho kwenye nyusi, akaliona kovu.

Humu kuna picha aliyompiga kwa simu yake. Kabla hujaigeuza nikuandae. Jino la mbele halipo. Nywele zimerudi nyuma, na zilizobaki nyingine nyeupe. Amekonda. Mama mkubwa, kaka yetu amekuwa mtu mzima bila sisi kuwepo.

Nakiri kitu kimoja. Nilipoifungua kwenye kompyuta mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikaongeza mwanga, nikalainisha mashavu, nikamrudishia na jino. Akawa kijana mzuri, nikasema hapo mama mkubwa atalala usingizi. Halafu nikaziona kuni zile uani kwako. Nikafuta kila kitu. Unayoishika ni yeye, vile vile alivyo, na grisi yake usoni.

Aliuliza mama yupo? Seleman akamwambia yupo, ndiye anayekutafuta. Akauliza na mzee? Yupo. Anasemaje? Hapo Seleman wa watu akasema hajui, kwa kuwa habari zetu hazijui. Kaka akakaza nati ya mwisho, akasema, "Haya, nisalimie mama." Namba yangu ya simu alipewa, akaikunja akaitia mfukoni. Mpaka leo hajapiga. Kila simu ikiita naidaka, nikipokea ni mteja.

Nifanye nini? Niambie wewe, maana yeye swali lake ameshauliza, na si kwangu.

Brenda


Hasamba
18 Agosti 2024

Brenda mwanangu,

Nimemwona. Mungu ni mwema, nimemwona. Nilimzaa mimi na sasa amezeeka kunishinda. Nimelala naye kifuani usiku mzima, na hilo jino lililotoka nalipenda kuliko yaliyobaki.

Asubuhi niliiweka picha mezani mbele ya baba yako mkubwa, na barua yako juu yake, nikatoka nikaenda jikoni. Nilisikia kiti kikivutwa, nikatega sikio mpaka ugali ukaniungulia. Nilipoingia nilikuta ameitoa na ile yake chumbani, ameziweka pamoja. Ameweka kidole kwenye hii yenye kovu. Akasema, "Huyu ndiye."

Halafu akauliza Kosta ya Ayoub inapita saa ngapi.

Nikamwambia piga simu kwa Brenda, mtafutiwe namna. Hataki. Anasema akisikia sauti ya kijana, yake mwenyewe itakwama, na kijana atadhani ni kiburi. Kuandika maneno marefu hajui. Anataka umpige picha, basi. Mimi sielewi picha itasema nini, lakini mtu huyu hajawahi kuomba kitu tangu nimjue, sikutaka kumuuliza sana.

Anakuja Jumatatu. Usimpe soda baridi, kifua kile. Na usimwekee ukungu.

Enesi


Tunduma
19 Septemba 2024

Mama mkubwa, shikamoo,

Naandika haraka, Kosta ya Ayoub inapiga honi hapo nje na ina abiria wakorofi.

Sijui Baba mkubwa amekusimulia kiasi gani. Nadhani hakusimulia. Basi sikia. Alikuja na koti lake la harusi na kofia. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikavuta pazia la bluu analopenda kila mtu, akasema ondoa. Nikaondoa, ukabaki ukuta wenye ufa. Nikamwambia Baba mkubwa tazama hapa. Akavua kofia, akaitazama kamera kama anatazama mtu. Halafu akageuza viganja juu, akaviweka magotini, vitupu, akaniambia, "Mikono ionekane." Mama mkubwa, mimi nimepiga picha maelfu, siku ile nilibonyeza nikiwa sioni.

Nilimwonyesha kwenye kompyuta. Nikamuuliza, nikupunguzie makunyanzi kidogo? Akasema, "Acha. Anione."

Ilipotoka akaomba kalamu. Akaigeuza nyuma. Aliandika taratibu, anaikandamiza kalamu mpaka ikatokeza upande wa pili. Neno moja: Manase. Nikamuuliza, ni hilo tu Baba mkubwa? Hutaki kuongeza njoo, au nisamehe? Akasema, "Alitaka nimwite. Nimemwita."

Seleman aliipeleka Kapiri. Anasema kaka aliipokea na mikono yenye grisi, akaifuta mikono, akaipokea tena. Mbele aliitazama. Nyuma alikaa nayo sana. Alikalia tairi, mteja anamwita hasikii. Kisha akarudi kazini, na Seleman akaendelea na safari yake ya Ndola akisema basi, tumefanya tuliyoweza.

Jana Seleman amenipigia. Yuko Mpika, anapanda kuja huku, foleni ya Nakonde ikimhurumia atavuka Jumamosi. Nikamuuliza, kwema, uko peke yako? Akanguruma kama lori lake. "Peke yangu wapi, dada! Tangu Kapiri nina mtu humu ndani hanipi raha, kila tukipita kibao anauliza zimebaki kilomita ngapi."

Njooni wote wawili.

Brenda